Maswali ya Wasomaji: Mmea wa Porini Ndani ya Chungu

Katika toleo lililopita tulichapisha aya chache kuhusu mimea ya porini inayolindwa kisheria ambayo watu huipanda nyumbani kwa ajili ya mapambo. Tulisema, kwa kifupi, kwamba anayebandua okidi msituni hana tofauti kubwa na anayechukua kinda la ndege kiotani. Sentensi hiyo iliwaudhi wengi. Baadhi ya wasomaji walituona wakali kupita kiasi, wengine wakatulaumu kwa kulegeza kamba, na mmoja alituandikia kwamba anayelinganisha ua na kinda hajawahi kulea chochote kati ya hivyo viwili. Tumechagua barua saba, tumezifupisha bila kugeuza maana yake, na tunazijibu hapa, nyingine kwa kirefu na nyingine kwa maneno machache.

SWALI: Ndugu Mhariri, msitu ulio kando ya njia ninayopita kila siku ulikuwa unafyekwa. Nilikuta okidi kwenye gogo lililokwisha kuangushwa, nikaibandua na kuipeleka nyumbani, na sasa imechanua. Wageni wangu hunisifu kwa kuiokoa, lakini binti yangu ananiita mwizi. Nani mwenye haki? — Mlezi wa Yatima

JIBU: Wote wana haki, kila mmoja kwa upande wake, ingawa mbele ya sheria binti yako ana nguvu zaidi. Okidi inayoishi juu ya mti hainyonyi mti huo. Hushikilia gome tu, ikanywa unyevu wa hewani na maji ya mvua yanayotiririka shinani. Gogo likishalala juani gome hukauka na kubanduka, na okidi hufa nalo. Kwa hiyo wageni wako hawakukosea kusema kwamba mmea ule ulikuwa umekwisha. Hata hivyo, sheria za nchi nyingi haziulizi nia ya mchukuaji, zinauliza kibali chake, na sababu yake si ukatili: karibu kila mtu aliyekutwa na gunia la mimea iliyokatazwa amewahi kudai kwamba kulikuwa na gogo lililoanguka mahali fulani.

Kuna jambo jingine ambalo sifa za wageni zimelifunika. Okidi uliyonayo ilikuwa na anwani: ilikuwa kwenye mti wa aina fulani, kwa kimo fulani, upande fulani wa kilima. Mtaalamu akipata habari hizo anaweza kuitumia siku moja kuzalisha miche ya kurudisha katika msitu wa jirani, lakini bila habari hizo mmea hubaki pambo, hata uwe adimu namna gani. Andika leo, kabla hujasahau, mahali ulipoitoa, tarehe na aina ya mti kama uliitambua, kisha uwapelekee taarifa wahusika wa misitu au bustani ya mimea iliyo karibu nawe. Usiigawe vipande kuwapa marafiki. Na ujiangalie: aliyeokoa mmea mmoja kwenye gogo huanza kuitazama miti iliyosimama kwa jicho la mwenye msumeno.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, napenda kaktasi na mimea midogo ya majani manene. Sitaki kununua iliyoibwa porini, lakini kila muuzaji huapa kwamba yake imezaliwa kitaluni. Mnunuzi wa kawaida atajuaje? — Mwenye Dirisha Dogo

JIBU: Hili ndilo swali ambalo tungependa kila mnunuzi alituletee kabla ya kutoa pesa. Mmea huwa na kumbukumbu ya maisha yake mwilini mwake, na mwenye subira huweza kuisoma.

Anza na shina. Kaktasi iliyokulia kitaluni huwa ya kijani karibu mwili mzima, miiba yake ni mizima na safi, na mizizi yake ni myembamba na mingi, imejikunja kwa umbo la chungu kama uji ulioganda bakulini. Ile iliyochimbwa porini mara nyingi huwa na sehemu ya chini iliyokakamaa na kuwa ya kahawia kama gome, upande mmoja uliobabuka kwa jua, makovu ya zamani ya kung'atwa na wadudu au panya, miiba iliyovunjika, na pengine mabaka ya kuvumwani, ambayo huchukua miaka mingi kuota na hayapatikani kwenye mmea wa mwaka jana. Ikiwa imeinama, uliza kwa nini, maana chungu hakina mteremko. Chomoa mmea taratibu utazame mzizi: ule mkubwa uliokatwa kwa pigo moja la jembe, kisha ukaota vijizizi vipya pembeni ya jeraha, unasema mengi kuliko kiapo cha muuzaji.

Okidi zina dalili zake. Mizizi iliyokulia juu ya gome huwa bapa upande mmoja na mara nyingi huja na vipande vya gome na kuvumwani bado vimegandamana nayo. Majani ya zamani huwa na matundu na madoa, na majani mapya yaliyoota baada ya kuhamishwa huwa ya ukubwa tofauti kabisa, kana kwamba mimea miwili imeunganishwa katikati.

Halafu tazama mimea mingine iliyo mezani. Miche iliyopandwa siku moja kutoka tunda moja hukua kwa kulingana. Ukikuta dazeni ya mimea ya aina inayokua polepole, mmoja mkubwa kama ngumi, mwingine kama kichwa cha mtoto, na wote wanauzwa kama mazao ya kitalu, kuna hesabu isiyotimia. Copiapoa, kaktasi za jangwa la Atacama nchini Chile, hukua polepole mno, na zile kubwa huwa zimeishi miaka mingi kuliko umri wa muuzaji mwenyewe. Mwaka 2020 polisi wa Italia walikamata zaidi ya kaktasi 1,000 kutoka Chile katika nyumba ya mkusanyaji mmoja, na mwaka uliofuata nyingi kati yake zilirudishwa kwao. Waliozichunguza hawakuhitaji maabara ili kushuku. Ngozi ya mimea ilitosha.

Nami nina kosa langu la kukiri hapa. Miaka kadhaa iliyopita niliagiza kwa posta Conophytum watatu, vimea vya kusini mwa Afrika vinavyofanana na changarawe, kila kimoja kikiwa jozi ya majani yaliyoungana na kuacha mpasuko mdogo juu. Tangazo lilisema vimezaliwa kitaluni. Nilipokuwa napangusa vumbi kwa brashi ya rangi nikaona, imekwama kati ya miili miwili ya kimea kimoja, punje ya jiwe jeupe linalong'aa, ndogo kuliko jino la mtoto. Mmea ulikuwa umekua kuizunguka hadi ukaacha alama ya punje hiyo kwenye ngozi yake. Sijaona kitalu kinachootesha mbegu katika mawe ya namna ile, lakini kwao porini baadhi ya mimea ya jamii hiyo huishi katika nyanja zilizotandazwa mawe hayohayo meupe. Nilimwandikia muuzaji, akajibu kwamba hiyo ni dalili ya ubora. Vimea vyote vitatu vilioza kwa sababu nilivimwagilia maji wakati ambao kwao ni msimu wa kulala. Tangu mwaka 2019 mamlaka za Afrika Kusini zimekamata mamia ya maelfu ya mimea ya aina hiyo iliyochimbwa kwa ajili ya wanunuzi waliofanana nami: waungwana, wasomi wa matangazo, wasiouliza swali la pili.

Swali lenyewe la pili ni hili: mmea mama ulitoka wapi? Muuzaji mwaminifu hukujibu kwa mwaka wa kupanda mbegu, jina la aliyempa mbegu, au namba ya kundi. Anayejibu kwa kukusifia umri na upekee wa mmea amekwisha kukujibu.

SWALI: Mhariri, mtu akikamatwa na pembe za ndovu, mtaa mzima hulaani. Akikamatwa na sanduku la mimea, watu hucheka na kuuliza kama polisi hawana kazi nyingine. Kwa nini? — Mshangaaji

JIBU: Mwaka 1999 wanasayansi wawili wa elimu ya mimea nchini Marekani, James Wandersee na Elisabeth Schussler, walitoa jina kwa tabia hii, walisema tuna upofu wa mimea, yaani macho yetu huiona kama pazia la nyuma ambalo mbele yake wanyama hufanya mambo ya maana. Mmea hautoi damu na haulii, tena hauna macho ya kukutazama wakati unautenda. Zaidi ya hayo, kung'oa ni sehemu ya maisha ya halali: mtu hung'oa magugu, huchuma mboga, hukata ua la kumpelekea mgonjwa, na hakuna siku aliyoambiwa kwamba mahali fulani mkono uleule unaofanya tendo lilelile huwa unatenda jinai.

Kiswahili chenyewe kinatusuta. Anayeua faru ni jangili, neno zito ambalo ukilitamka watu hugeuka. Anayemaliza okidi za bonde zima tutamwitaje? Tukisema mchumaji wa maua, tumempa jina la bibi harusi. Nimewasikia watu wakijaribu kusema "jangili wa mimea," na wasikilizaji hutabasamu, kana kwamba ni mzaha. Si ajabu basi kwamba wengi hudhani CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliotiwa saini mjini Washington tarehe 3 Machi 1973 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 1975, ni mkataba wa pembe na ngozi. Orodha zake zina spishi zaidi ya 40,000, na wanyama kati ya hizo hawafiki 7,000. Zilizobaki ni mimea, na sehemu kubwa ya mimea hiyo ni okidi.

Aibu hubadilika kwa nyakati, na hilo linanipa moyo. Katika karne ya 19 kuchimba mimea ya porini kulikuwa burudani ya watu wenye heshima huko Uingereza. Mwaka 1855 mwandishi Charles Kingsley aliipa jina la kitabibu, kama la wazimu, shauku ya wenzake ya kukusanya makangaga, yale majani ya kivulini yasiyo na maua. Mabibi na wachungaji walirudi na vikapu vilivyojaa, na hakuna aliyewaita wezi. Okidi iitwayo Cypripedium calceolus, yenye ua la njano lenye umbo la kiatu, ilikusanywa nchini humo hadi ikadhaniwa imetoweka kabisa. Mwaka 1930 ulionekana mmea mmoja tu huko Yorkshire. Mahali pake pakafanywa siri kwa miaka mingi, na kwa vizazi viwili watu wazima walikuwa wakijificha vichakani msimu wa maua ili kulinda ua moja dhidi ya watu waliolipenda. Leo huko mtu angeona haya kuonekana na jembe karibu nalo, ilhali babu yake angelichomeka kwenye kofia.

Lakini kuna kundi ambalo haliponi kwa elimu, nalo ni la wanaojua. Mkusanyaji anayejua majina ya Kilatini, anayejua kwamba mmea umebaki mahali pawili duniani, ndiye huyohuyo anayeutaka. Kwake uhaba ni utamu. Mwaka 2014 saikadi, mimea ya kale yenye shina nene na majani kama ya mnazi, zaidi ya 20 za spishi ya Encephalartos latifrons ziliibwa ndani ya bustani ya Kirstenbosch mjini Cape Town, na mimea iliyobaki ya spishi hiyo porini haikufika 100. Mwizi hakuchukua waridi lililokuwa karibu. Upofu haukumhusu, aliona vizuri kuliko mlinzi. Kwa hiyo, tukisema "watu waelimishwe," lazima tujue tunazungumza na nani, maana kwa jirani yako anayecheka elimu ni dawa, na kwa huyu wa pili ni orodha ya ununuzi.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi nina kitalu. Naona sheria zinafanya mambo kinyume. Turuhusiwe kuzalisha mimea hii kwa wingi, tuiuze kwa bei nafuu, na majangili watakosa kazi. Mmea uliopo katika nyumba milioni moja hauwezi kutoweka. Mbona wahifadhi hawalioni hili? — Mwenye Kitalu

JIBU: Wanaliona, na baadhi yao wamelifanya. Mwaka 1994 David Noble, mhifadhi wa mbuga nchini Australia, aliteremka katika korongo la hifadhi ya Wollemi akakutana na miti ya jamii ambayo wataalamu waliifahamu kwa visukuku tu. Miti iliyokomaa haikufika 100. Badala ya kuifungia ndani ya uzio na kungoja mwizi wa kwanza, wakubwa waliamua miche izalishwe kwa wingi na kuuzwa ulimwenguni kuanzia miaka ya 2005 na 2006, na sehemu ya mapato irudi kwenye uhifadhi. Leo anayeutaka mti huo anaununua, na miti iliyokua bustanini ni bima ya ile ya korongoni. Vivyo hivyo mti wa Franklinia, ulioonwa na John Bartram na mwanawe William katika jimbo la Georgia, Marekani, mwaka 1765. Tangu mwaka 1803 hakuna aliyeuona tena porini, na kila mmoja uliopo duniani ni mjukuu wa ile iliyopandwa bustanini. Hapo jembe la mkusanyaji liliokoa, hatuwezi kukataa.

Lakini hoja yako ina matundu matatu, nami nitakaa kwenye moja zaidi ya mengine.

Dionaea muscipula, mmea unaonasa nzi, huota wenyewe kwenye pwani ya majimbo mawili tu, North Carolina na South Carolina nchini Marekani. Huzalishwa maabarani kwa wingi na huuzwa popote kwa bei ya kitu cha mchezo. Bado uliendelea kuchimbwa porini, hadi North Carolina ikafanya wizi huo kuwa kosa kubwa la jinai mwaka 2014. Kwa mwizi, mmea unaopatikana bure una faida hata ukiuzwa rahisi. Bei ya chini ya kitalu haimfukuzi mtu ambaye gharama yake ni viatu vya kutembelea.

Tundu la pili ni la ukoo. Mwaka 1895 mtaalamu wa mimea John Medley Wood alikuta katika msitu wa Ngoye, kusini mwa Afrika, kundi moja la mashina ya saikadi ambayo sasa inaitwa Encephalartos woodii. Machipukizi yake yamesambazwa katika bustani kubwa za dunia, na moja lilifika bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, mwaka 1899. Yote ni madume, kwa kuwa yote ni mmea uleule mmoja, na jike halijawahi kupatikana. Mtu anaweza kuyazidisha hadi yajaze uwanja wa mpira, na bado itakuwa spishi isiyoweza kupata mtoto. Kitalu hupenda mmea unaozaa haraka, wenye ua kubwa na unaovumilia mfugaji mzembe, na baada ya vizazi vichache kinakuwa na kitu kizuri ambacho porini hakingemaliza kiangazi kimoja.

La tatu ndilo ninalotaka ulitafakari. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani huko Tanga, alipeleka kwao mmea mdogo wenye majani ya manyoya na maua ya zambarau kutoka eneo la Usambara. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland aliupa jina la Saintpaulia kwa heshima ya familia hiyo. Katika miaka ya 1920 vitalu vya California vikaanza kuuza aina zilizochaguliwa, na leo ua hilo liko madirishani duniani kote. Jani moja likichomekwa kwenye udongo wenye unyevu hutoa miche kadhaa, na hakuna muuzaji anayehitaji kupanda mlimani kulitafuta. Kwa kipimo cha barua yako, ni vigumu kutaja mmea uliookolewa kuliko huo. Hata hivyo, ndugu zake wa porini, wanaoning'inia kwenye miamba yenye kivuli katika misitu ya Tanzania na Kenya, wengine wako hatarini kutoweka. Kinachowaua ni kukatwa kwa miti inayowapa kivuli, na chungu cha dirishani hakitoi kivuli kwa mwamba wa Usambara. Nyumba milioni moja zina ua hilo, na sidhani kama katika nyumba 100 kati ya hizo kuna mtu anayejua msitu lilikotoka.

Zalisha, ndugu yangu, kwa kibali na kwa mbegu zenye nasaba. CITES yenyewe huitambua mimea iliyozalishwa na mkono wa binadamu na huipa njia nyepesi zaidi ya kusafirishwa, mradi mmea mama ulipatikana kihalali na bila kudhuru wale wa porini. Ninachokuomba ni kwamba usimwambie mnunuzi kuwa akiununua ameuokoa. Ameupata kwa njia safi, na hilo linatosha kumfanya alale vizuri.

SWALI: Je, nikichukua mbegu tu na kuuacha mmea wenyewe, nina kosa? — Mchumaji Mwangalifu

JIBU: Mara nyingi ndiyo, kwa kuwa sheria nyingi za kulinda mmea hutaja mmea na sehemu zake, mbegu zikiwemo, na ndani ya hifadhi hata jani lililoanguka lina mwenyewe. Kama ni okidi, jisumbue kidogo zaidi kufikiri: mbegu yake ni vumbi lisilo na akiba ya chakula, na porini huota kwa msaada wa kuvu maalumu. Mwanasayansi wa mimea Lewis Knudson alionyesha mwaka 1922 kwamba inaweza kuoteshwa bila kuvu katika chupa yenye sukari na virutubisho, lakini chupa hiyo huhitaji usafi wa maabara. Ukichukua tunda bila kuwa na maabara, umechukua maelfu ya mbegu na kuzitupa.

SWALI: Mhariri, marehemu bibi yangu alichimba mshubiri wa porini akaupanda mlangoni, na hakuomba ruhusa ya mtu. Leo mnaniambia ni kosa, wakati makampuni ya mbali yametajirika kwa maua yaliyochukuliwa katika ardhi za watu kama sisi. Hizi si sheria za kuwalinda waliokwisha kushiba? — Mjukuu

JIBU: Mjukuu, barua yako imekaa mezani kwangu muda mrefu kuliko nyingine zote.

Kwanza niondoe utata mmoja. CITES husimamia biashara inayovuka mipaka ya nchi. Haimfuati mtu mlangoni kwake. Karibu mishubiri yote imo katika orodha zake, isipokuwa ule wa kawaida unaolimwa kwa dawa na vipodozi, lakini mmea wa bibi haukuvuka mpaka wowote. Kinachohusika hapo ni sheria ya nchi yenu, nazo hutofautiana sana. Nyingine huwaachia wenyeji matumizi ya kawaida ya mimea, nyingine haziwaachii. Pili, bibi alichukua mmoja, akauweka mahali ambapo angeuona kila asubuhi, na uliobaki kilimani ulibaki. Mnunuzi wa mtandaoni anaagiza 500 na hajui jina la kilima. Sheria inayowapima hao wawili kwa mizani moja ina kasoro, na anayeisimamia bila kuona tofauti huwafundisha wenyeji kuwaficha wachimbaji badala ya kuwataja.

Kuhusu waliotajirika, sina la kukupinga. Ua la Usambara nililolieleza hapo juu lilichukuliwa wakati ambapo wenyeji wa milima ile hawakuwa wa kuulizwa, na sijasikia malipo yoyote yaliyofuata. Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika mwaka 2014, inataka anayetumia rasilimali za kijenetiki za nchi nyingine aombe idhini na agawane faida, lakini hairudi nyuma hadi mwaka 1892. Nchi ya Peru ilijaribu njia yake. Mwaka 2002 Mmarekani Michael Kovach alinunua huko okidi kubwa ya zambarau ambayo sayansi ilikuwa haijaijua, akaipeleka bila hati katika bustani ya Selby huko Florida, ambako ilipewa jina lake: Phragmipedium kovachii. Bustani na Kovach wote walikiri makosa mahakamani, ila jina, kwa kanuni za elimu ya mimea, limebaki la aliyeitorosha. Baadaye Peru iliruhusu vitalu vyake vichukue mimea michache kihalali na kuzalisha, ili anayeitaka anunue kwa wenye nchi. Miaka hiyo ya kusubiri wachimbaji walikuwa wamekwisha kukomba okidi hiyo katika sehemu kadhaa ilikoonekana mwanzoni. Kama vibali vingetolewa mapema kwa watu wanaoishi na mmea huo, nadhani hesabu ingekuwa tofauti.

Mshubiri wa bibi uache hapo mlangoni.

SWALI: Mume wangu, aliyefariki mwaka huu, aliniachia vyungu karibu 60 vya mimea ya ajabuajabu. Vingine vina vijiti vyenye namba na tarehe zilizofifia. Watu wananijia kila juma wakitaka kuvinunua. Sijui kama ni halali, na baadhi ya mimea inaanza kunyauka. Nifanye nini? — Mjane

JIBU: Mama, pokea pole zetu. Usimuuzie mtu yeyote kwanza, hasa yule anayeonyesha kwa kidole mmea mmoja tu na kutaka kuulipia papo hapo. Kutafuta hati za kila mmea kutakuchosha bure; walioanza kukusanya miaka mingi iliyopita mara nyingi hawakupewa hati, na pengine baadhi ya mimea ilipatikana kabla aina zake hazijaorodheshwa. Linalowezekana ni kuandika barua kwa bustani ya mimea au idara ya botania ya chuo kikuu, ueleze wazi kwamba ni urithi na kwamba hujui asili yake. Kumpelekea mhusika taarifa kwa hiari yako ni tofauti sana na kukutwa.

Namba hizo zilizofifia huenda zikawa ndizo zenye thamani kuliko maua. Wakusanyaji makini huandika namba kwenye kijiti na maelezo kwenye daftari: mahali, kimo, tarehe. Tafuta daftari hilo katika droo zake, kati ya risiti, na nyuma ya vitabu vya bustani. Likipatikana, mmea unaoonekana kama gugu unaweza kuwa wa mwisho kutoka bonde ambalo sasa ni barabara. Kila kijiti kibaki kwenye chungu chake, hata kama maandishi hayasomeki kwa macho. Yaliyoandikwa kwa penseli mara nyingi huonekana tena ukiyamulika kwa tochi kutoka ubavuni. Vipige picha vyote, chungu na kijiti pamoja, kabla mtu yeyote hajakusaidia kuviosha.